Namna ya Kuupima Mtaa kwa Miguu Kabla ya Kununua Nyumba

Mnunuzi wa nyumba huingia kwanza ndani. Hufungua mabomba, hugonga kuta, huhesabu vyumba na kuuliza umri wa paa, kisha hutoka na kupanda gari la dalali bila kupiga hata hatua 100 mtaani. Utaratibu huo una kasoro kubwa, kwa sababu karibu kila alichokikagua ndani kinaweza kurekebishwa kwa fedha na subira, ilhali umbali kati ya mlango wake na shule, kituo cha basi, duka au zahanati hauwezi kurekebishwa na mtu mmoja, awe na fedha kiasi gani. Umbali huo umo ndani ya bei anayotakiwa kulipa, ingawa hauandikwi popote katika mkataba wa mauziano.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima kama mtaa unatembeka, yaani kama mkazi wake anaweza kutimiza mahitaji yake ya kila siku kwa miguu, kwa usalama na bila kutaabika, kisha namna ya kukigeuza kipimo hicho kuwa hoja ya bei. Ninasisitiza mfuatano wenyewe: kwanza miguu, kisha hesabu, na mwisho mazungumzo na muuzaji. Anayeanza na bei hujikuta akiutetea mtaa ambao bado hajaujua.

Hatua ya 1: Orodhesha safari za kaya yako

Chukua karatasi uandike safari zote ambazo watu wa nyumbani kwako walizifanya katika wiki mbili zilizopita: nani alikwenda wapi, saa ngapi, mara ngapi, na akiwa amebeba nini. Andika zile zilizofanyika kweli, na uziache kando unazotamani kuzifanya baada ya kuhama, kwa kuwa mtu anayetafuta nyumba hujipa tabia mpya kwa urahisi sana. Asiyekwenda kukimbia leo huenda asikimbie hata akihamia kando ya bustani, na bado atakuwa ameilipia bustani hiyo.

Ukimaliza, panga safari hizo kwa wingi wake. Utaona kwamba chache zinajirudia karibu kila siku, kama vile kwenda kazini au kituoni, kumpeleka mtoto shuleni na kununua mahitaji madogo ya nyumbani, na nyingine hutokea mara moja kwa mwezi. Safari za kila siku ndizo zitakazouhukumu mtaa. Hospitali kubwa inaweza kuwa mbali bila kuharibu maisha ya mtu mwenye afya, lakini shule ikiwa mbali kwa kiasi hicho hicho, mzazi atalipa umbali huo mara nne kwa siku.

Ongeza katika karatasi hiyo watu ambao bado hawamo. Nyumba hununuliwa kwa matumizi ya miaka mingi, na katika miaka hiyo mtoto wa kubebwa atakuwa mwanafunzi anayekwenda peke yake, na mzazi aliye na nguvu leo atahitaji kupumzika njiani. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, hivyo mita 400 humchukua dakika 5 na mita 800 dakika 10. Mzee anayekwenda kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde huhitaji zaidi ya dakika 8 kuzimaliza mita 400 hizo hizo, kabla hata ya kusimama kuvuka barabara.

Hatua ya 2: Pima njia, usipime mstari

Matangazo ya nyumba hupenda kutaja umbali uliopimwa kwa mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Binadamu hupita kwenye njia, na njia huzunguka kuta, mifereji, reli, viwanja vilivyozungushiwa uzio na barabara kuu zisizo na vivuko. Mimi mwenyewe niliwahi kuvutiwa na nyumba iliyotangazwa kuwa mita 300 kutoka kituo cha treni, na maelezo hayo hayakuwa ya uongo kwa mujibu wa ramani. Lango la kituo, hata hivyo, lilikuwa upande wa pili wa reli, na nilipotembea hadi kwenye daraja na kurudi kwa upande ule mwingine, mita 300 zilikuwa zimekuwa zaidi ya kilomita 1. Kama ningenunua bila kutembea, ningelipa bei ya nyumba iliyo jirani na kituo na kuishi maisha ya mtu aliye mbali nacho.

Kwa hiyo, fungua ramani ya kidijitali, weka mlango wa nyumba kuwa mwanzo, uchague usafiri wa miguu, kisha andika urefu wa njia hadi kila mahali palipo kwenye orodha yako. Gawanya urefu huo kwa umbali wa mstari ulionyooka. Jibu likikaribia 1.2 au 1.3, mtaa una njia nyingi zinazoungana na mpita njia hapotezi hatua nyingi. Likizidi 1.5, jiulize ni kizuizi gani kinachokuzungusha, na kama kizuizi hicho ni cha kudumu. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, mara nyingi huonyesha vichochoro na ngazi ambazo ramani za magari huziacha, ingawa ubora wake hutegemea bidii ya watu waliojitolea kuuchora mtaa huo.

Tazama pia umbo la barabara zenyewe. Mitaa yenye vitalu vifupi, yaani vipande vifupi vya majengo kati ya barabara na barabara, na makutano mengi humpa mpita njia chaguo: akikuta njia moja imefungwa, anapita nyingine. Mitaa iliyojaa barabara zinazoishia ukutani humlazimisha kila mtu kutokea barabara moja kubwa, na majirani wawili ambao nyua zao zinapakana wanaweza kulazimika kutembea dakika 15 ili wasalimiane. Watafiti wa mipango miji Robert Cervero na Kara Kockelman walieleza mwaka 1997 kwamba mambo matatu huathiri namna watu wanavyosafiri mtaani: msongamano wa makazi na shughuli, mchanganyiko wa matumizi ya ardhi, na usanifu wa njia zenyewe. Baadaye yaliongezwa mengine, hasa urahisi wa kufika watu waendako na umbali hadi kwenye usafiri wa umma. Orodha hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu mtaa unaweza kuwa na maduka mengi na bado usitembeke kwa kukosa njia, na mwingine ukawa na njia nzuri zisizompeleka mtu popote.

Hatua ya 3: Zitumie alama za mtandaoni kwa mipaka yake

Kipimo kinachojulikana zaidi ni Walk Score, kilichoanzishwa Marekani mwaka 2007 na kununuliwa mwaka 2014 na Redfin, kampuni ya kuuza nyumba. Kila mahali hupewa alama kati ya 0 na 100. Mahali penye alama 90 na zaidi huhesabiwa kuwa mkazi hahitaji gari kwa shughuli za kila siku, kuanzia 70 hadi 89 kuwa shughuli nyingi zinawezekana kwa miguu, na chini ya 50 kuwa sehemu kubwa ya shughuli huhitaji gari. Hesabu yake hutoa alama kamili kwa huduma iliyo ndani ya dakika 5 za kutembea, huzipunguza kadiri umbali unavyoongezeka, na haitoi chochote kwa huduma iliyo zaidi ya dakika 30. Huangalia pia wingi wa watu, urefu wa vitalu na idadi ya makutano.

Hicho ni kipimo cha ukaribu. Hakijui kama njia ina mashimo, kama taa zinawaka usiku, kama kilima kitamshinda mwenye magoti mabovu, wala kama duka lililohesabiwa lilifungwa mwezi uliopita. Kwa hiyo kitumie kuchuja, hasa unapolinganisha nyumba 20 na unataka kubaki na 5 za kwenda kuziona. Nje ya nchi chache ambazo takwimu zake zimekamilika, tengeneza alama zako mwenyewe kutokana na orodha ya hatua ya kwanza: ipe kila safari uzito kwa kadiri inavyojirudia kwa wiki, uzidishe kwa dakika za njia, kisha ujumlishe. Nyumba yenye jumla ndogo ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yako. Mimi huiamini jumla hiyo kuliko alama ya kampuni yoyote, kwa kuwa imetokana na nyayo za watu wa nyumba moja.

Hatua ya 4: Tembea, na utembee zaidi ya mara moja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wanunuzi wengi huruka hatua. Nenda mtaani bila dalali. Anzia kwenye mlango wa nyumba, wala usianzie mahali ulipoegesha gari, na utembee hadi kwenye kila mahali pa kila siku huku saa ya simu ikihesabu. Fanya hivyo angalau mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi wakati wanafunzi na wafanyakazi wanatoka, usiku baada ya maduka kufungwa, na mara moja baada ya mvua kubwa au katika jua kali la mchana, kulingana na hali ya hewa inayosumbua zaidi mahali hapo. Njia inayopendeza saa nne asubuhi inaweza kuwa bwawa baada ya mvua, na barabara tulivu ya Jumapili inaweza kuwa haivukiki Jumatatu.

Angalia kwanza njia ya waenda kwa miguu. Watu wawili wanapaswa kupishana bila mmoja kushuka barabarani, na kwa hilo upana wa mita 1.5 ni kidogo na mita 1.8 ni afadhali. Upana unaohesabiwa ni ule uliobaki baada ya kuondoa nguzo, meza za wafanyabiashara, magari yaliyopandishwa juu ya ukingo na mifuniko iliyopotea ya mitaro. Sukuma kigari cha mtoto au toroli yenye mzigo katika njia hiyo, kwa sababu magurudumu husema kweli ambayo macho huipuuza. Kwenye kila makutano, tazama kama ukingo umeteremshwa ili kiti cha magurudumu kishuke. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni mteremko usiozidi 1 kwa 12, maana yake kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mwendo, na palipo na mwinuko mkali kuliko huo mtu hawezi kujisukuma mwenyewe kwa urahisi.

Kisha simama kwenye kivuko kilicho kigumu kuliko vyote katika safari yako na ukae hapo robo saa. Hesabu sekunde unazosubiri na sekunde unazopewa kuvuka. Barabara yenye upana wa mita 14 humchukua mtu wa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde karibu sekunde 12, na mzee wa mita 0.8 kwa sekunde humchukua zaidi ya 17. Taa ikitoa sekunde 13, barabara hiyo imemkatalia mzee. Kwingine hakuna taa kabisa, na hapo utakachopima ni kama madereva husimama. Mwendo wa magari una uzito kuliko wingi wake, kwani hatari ya mtembea kwa miguu kufa anapogongwa hupanda kwa kasi sana gari linapotoka kilomita 30 kwa saa kwenda 50 na zaidi. Barabara yenye magari mengi yanayokwenda taratibu ni salama kuliko ile yenye magari machache yanayokimbia, na mtoto wako ndiye atakayeivuka.

Usiku, angalia mambo mawili: mwanga na macho ya watu. Taa zinapaswa kuangaza mahali pa kutembea, ilhali nyingi huwekwa kwa ajili ya barabara na kuiacha njia ya miguu katika kivuli cha miti. Macho ya watu hutokana na madirisha yanayotazama barabara, milango inayofunguliwa na vibanda vinavyochelewa kufungwa. Kuta ndefu zisizo na mlango huifanya njia ya mita 200 ionekane ndefu na yenye hofu, na watu huiacha hata kama ni ya mkato. Waulize wanawake wanaoishi mtaani kama hupita hapo baada ya giza kuingia. Jibu lao lina thamani kuliko takwimu yoyote utakayoonyeshwa na muuzaji.

Mwisho wa matembezi, tazama ni nani mwingine anayetembea. Ukiwaona watoto bila wazazi wao, wazee wenye mikongojo na watu waliobeba mizigo ya kawaida, mtaa huo umeshapimwa na wenyeji wake na umekubalika. Ukiona vijana wenye nguvu peke yao, wengine wamejizuia kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo unayopaswa kuitafuta kabla ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 5: Elewa kutembeka kunavyoingia kwenye bei

Nyumba huuzwa kwa bei moja, lakini bei hiyo ni jumla ya bei ndogondogo nyingi: ya kila chumba, ya ukubwa wa kiwanja, ya umri wa jengo, ya shule iliyo jirani, na ya dakika 5 za kutembea hadi kituoni. Mchumi Sherwin Rosen aliiwekea fikra hiyo msingi wa kinadharia mwaka 1974, na tangu hapo watafiti hukusanya maelfu ya mauzo na kutenganisha kwa hesabu mchango wa kila sifa.

Kwa njia hiyo, mwaka 2009 mchumi Joe Cortright alichunguza mauzo ya nyumba zaidi ya 90,000 katika masoko 15 ya Marekani, na akakuta kwamba katika masoko 13 nyumba zenye alama kubwa za kutembeka ziliuzwa kwa bei ya juu baada ya kuhesabu tofauti nyingine zinazojulikana. Katika masoko hayo, alama moja zaidi iliendana na nyongeza ya takriban dola 700 hadi 3,000 za wakati ule, kutegemea soko. Gary Pivo na Jeffrey Fisher, walioandika mwaka 2011 kuhusu majengo ya biashara na ya kupangisha, walikuta kwamba nyongeza ya alama 10 iliendana na ongezeko la thamani la kati ya asilimia 1 na 9, kutegemea aina ya jengo.

Takwimu hizo zinahitaji tahadhari tatu. Ya kwanza ni kwamba masoko mawili kati ya yale 15 hayakuonyesha faida, kwa hiyo kutembeka hakuongezi bei kila mahali kwa lazima. Huongeza pale ambapo watu wanakutaka na mitaa ya namna hiyo ni michache. Ya pili ni kwamba mitaa inayotembeka mara nyingi huwa karibu na katikati ya mji, penye ajira na usafiri, na si rahisi kutenganisha kabisa bei ya njia na bei ya mahali. Ya tatu, na hii ndiyo ninayoiona ikisahauliwa zaidi, ni kwamba kuwa karibu sana kunaweza kushusha thamani. Nyumba iliyo juu ya baa, mbele ya stendi au ukutani mwa soko hupata kelele, harufu, moshi na magari yanayoegeshwa mlangoni, na faida ya kuwa hatua 20 kutoka dukani badala ya 200 ni ndogo mno kufidia usingizi uliopotea. Kwa maoni yangu, mahali pazuri pa kununua ni barabara tulivu iliyo kitalu kimoja au viwili nyuma ya barabara yenye shughuli: karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, mbali kiasi cha kufungua dirisha usiku.

Sasa itafute nyongeza hiyo katika soko lako mwenyewe. Kusanya bei za mauzo yaliyokamilika, zikitofautishwa na bei zilizotangazwa, za nyumba zinazofanana kwa ukubwa, umri na hali katika miezi 12 iliyopita. Zigawe makundi mawili: zilizo ndani ya dakika 10 za kutembea hadi mahali muhimu, na zilizo nje yake. Gawanya kila bei kwa mita za mraba ili ulinganishe vitu vya aina moja, kisha uchukue bei ya katikati ya kila kundi. Ukiwa na nyumba 6 au 8 kila upande utapata picha, ingawa si uthibitisho. Mthamini aliyesajiliwa anaweza kukusaidia kupata rekodi, na inafaa umwulize waziwazi kama katika ripoti yake ameuzingatia umbali wa njia au amechora tu duara kwenye ramani.

Hatua ya 6: Jumlisha gharama ya nyumba na gharama ya kusafiri

Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali inaweza kuwa ghali kuliko ya karibu, na hesabu hiyo haifanywi na benki, kwani benki hutazama kipato na mkopo. Taasisi ya Center for Neighborhood Technology ya Chicago hupendekeza kaya ijumlishe makazi na usafiri pamoja, na jumla isizidi asilimia 45 ya kipato: 30 za makazi na 15 za usafiri. Asilimia hizo zinaweza zisiilingane kila kaya, lakini wazo la kuviweka viwili hivyo katika mstari mmoja ni sahihi kila mahali.

Andika kwa kila nyumba unayoifikiria: malipo ya mkopo kwa mwezi, kodi ya jengo, nauli, mafuta, matengenezo, bima, maegesho, na kushuka kwa thamani ya gari. Swali lenye uzito mkubwa ni kama nyumba fulani itaiwezesha kaya kupunguza gari moja. Ikiwezekana, fedha za gari hilo kila mwezi zinaweza kulipia mkopo mkubwa zaidi, na tofauti ya msingi ni kwamba gari huisha thamani mwaka hadi mwaka, wakati nyumba mahali panapotakiwa huelekea kuishika yake. Isipowezekana, kwa sababu kazi ya mmoja wenu ni ya mbali na haina usafiri wa umma, usijidanganye. Utalipa bei ya mtaa unaotembeka na gharama za gari kwa pamoja.

Hesabu pia muda. Mtu anayetembea dakika 12 kwenda kazini na 12 kurudi, siku 5 kwa wiki kwa wiki 48, hutumia saa 96 kwa mwaka njiani. Anayekaa garini dakika 35 kila upande hutumia saa 280. Tofauti ya saa 184 ni zaidi ya wiki nne za kazi za saa 40. Tena, yule wa kwanza anapata dakika 120 za kutembea kila wiki bila kuzitafuta, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu kesho ya mtaa

Thamani ya nyumba ni ya miaka ijayo. Nenda katika ofisi ya mipango miji, uombe kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo, na uulize mambo manne: kama barabara ya jirani itapanuliwa, kama kuna njia ya miguu au kituo kipya kilichotengewa bajeti, kama viwanja vilivyo wazi vimeruhusiwa maduka au makazi tu, na kama njia ya mkato unayoitegemea ni ya umma au inapita katika kiwanja cha mtu. Swali la mwisho ni dogo na huokoa watu wengi. Mwenye kiwanja akijenga ukuta, dakika 6 zako zitakuwa 20, na hutakuwa na pa kulalamika.

Tofautisha kilichojengwa, kilichotengewa fedha na kilichochorwa tu. Usilipe leo bei ya kituo kilichopo kwenye mchoro. Kumbuka vilevile kwamba mtaa ukiboreshwa haraka, bei hupanda pamoja na kodi ya pango na kodi ya majengo, na wakazi wa zamani, ambao ndio walioufanya uchangamke, wanaweza kushindwa kubaki. Jambo hilo linaniuma, na linamhusu mnunuzi pia, kwa kuwa fundi, duka dogo na shule uliyoilipia vinaweza kuondoka na watu hao. Mtaa wenye nyumba za ukubwa mbalimbali na wapangaji wa vipato tofauti hudumu kutembeka kwa muda mrefu kuliko ule uliogeuka wa aina moja.

Hatua ya 8: Peleka vipimo vyako mezani

Muuzaji akisema nyumba iko karibu na kila kitu, mwonyeshe dakika ulizozipima mwenyewe, safari kwa safari. Hoja kwamba mtaa haukupendezi haishushi bei. Hoja kwamba njia ya kwenda kituoni ni mita 1,100 badala ya 400 zilizotangazwa, na kwamba nyumba nne zinazofanana nayo katika umbali huo ziliuzwa kwa bei fulani, inaweza kuishusha. Ukikuta kwamba nyumba inatembeka kuliko tangazo linavyosema, kwa mfano kwa sababu kuna daraja la miguu ambalo ramani haikulionyesha, huna wajibu wa kuongeza bei. Unachopaswa kufanya ni kujiwekea kikomo cha juu kidogo kabla ya mazungumzo kuanza, na kukiandika, ili usikivuke kwa hamaki.

Kama wewe ndiye unayeuza, fanya vivyo hivyo kwa upande wako. Taja umbali wa njia na dakika zake, pande zote mbili za safari ikiwa kuna kilima, na uwaalike wanunuzi waje kwa miguu kutoka kituoni. Anayefika akiwa ametembea na hajachoka ameshapata uthibitisho ambao picha haziwezi kutoa.

Asubuhi ya siku ya kutia saini, tembea tena njia ile inayotumika zaidi katika orodha yako, kuanzia mlangoni hadi mwisho, kwa saa ile ile utakayoitumia. Ukikuta uzio mpya, kivuko kilichofutika au kituo kilichohamishwa, ahirisha saini hadi upate maelezo kwa maandishi.